Kujiuzulu kwa Hailemariam na Hazina ya Uhabeshi

Aghalabu kiongozi mkuu ajiuzulupo, wenye mali huingiwa na taharuki kabla ya raia, kwa kuwa itibari ya nchi ng'ambo huegemea ahadi za mtu ambaye sasa hayupo. Hailemariam Desalegn alipotangaza kuacha uwaziri mkuu wa Uhabeshi tarehe 15 Februari 2018, baada ya miaka ya maandamano na umwagaji damu, serikali ilitangaza hali ya hatari kesho yake. Nazo fedha za kigeni, ijapokuwa sarafu ya birr ilikwisha kupunguzwa thamani kwa asilimia 15 Oktoba iliyotangulia, zilikuwa adimu hata mwagizaji wa dawa alilazimika kungoja zamu yake benki.

Abiy Ahmed, aliyeapishwa Aprili, alirithi kiti pamoja na ukata. Na kwa maoni yangu ukata huo, si mapenzi ya sulhu peke yake, ndio uliomwelekeza kwa majirani. Juni, Falme za Kiarabu ziliahidi dola bilioni 3, bilioni 1 kati yake ikiwa amana katika Benki Kuu. Julai 9, huko Asmara, yeye na Rais Isaias Afwerki wa Eritrea walitia sahihi tamko la kukomesha uhasama ulioanza 1998, ambao uliinyima Uhabeshi bandari za Eritrea na kuiacha ikiitegemea Djibouti, ikilipa ushuru alipao asiye na pwani. Siku tisa baadaye ndege ya abiria ilitua Asmara kutoka Addis Ababa, safari ya kwanza kwa miaka 20. Barabara za mpakani zilifunguliwa Septemba. Hazikudumu wazi mwaka mzima, na shehena zikaendelea kupita Djibouti.