Kicheza muziki cha mazoezini: wanunuzi wapo, imani ndiyo haba

Vicheza muziki vidogo vya kubana kwenye nguo, ambavyo wengi huviita MP3 tu, vilitangaziwa kifo siku nyingi. Ilisemwa simu janja ingevimaliza, na kwa msikilizaji wa kawaida imevimaliza kweli. Lakini ukipita kwenye fremu za Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, au maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, utavikuta bado vimepangwa kati ya chaja na makava ya simu. Wanaovinunua siku hizi ni watu wa mazoezi: wanachama wa klabu za jogingi, wabeba vyuma wa jimu za mtaani, na akina mama wanaotembea haraka alfajiri kabla ya kwenda kazini.

Sababu ya kwanza wanayoitaja wauzaji ni usalama. Simu iliyofungwa mkononi saa kumi na moja alfajiri humvutia mkwapuzi wa pikipiki. Kifaa cha ukubwa wa kiberiti hakimvutii, na hata kikipotea hakiondoki na namba za jamaa, picha za familia wala fedha za simu. Sababu ya pili ni bando, kwa kuwa nyimbo zilizomo ndani ya kifaa hazili data. Ya tatu ni uzito: simu nyingi za leo zinakaribia gramu 200, na kwa anayekimbia kilomita kumi hilo si jambo dogo.

Kwa hiyo mahitaji yapo. Kinachoitesa biashara hii ni kile kinachotokea kabla kifaa hakijamfikia mnunuzi, na baada ya kufika nacho nyumbani.

Mzigo unaofika umekufa

Mfanyabiashara mmoja wa jumla Kariakoo, aliyeomba jina lake lisiandikwe, halalamikii wateja. Analalamikia betri.

Sehemu kubwa ya vifaa hivi hutoka kwenye viwanda vya Shenzhen na miji jirani kusini mwa China. Kuvileta kwa ndege kungekuwa rahisi kwa sababu ni vyepesi, lakini vina betri za lithiamu, ambazo katika usafiri wa anga huhesabiwa kuwa mzigo wa hatari. Mawakala wengi huzitoza zaidi au huzikataa kabisa. Mwenye mtaji mdogo hubaki na njia ya meli, tena kwa kontena la kuchangia. Mzigo husubiri kontena lijae, husafiri majini kwa wiki kadhaa, kisha husubiri tena kutolewa bandarini.

Muda wote huo betri inajipunguza yenyewe. Betri ya kifaa kama hiki ni ndogo sana, mara nyingi kati ya mAh 150 na 300, na ikishuka chini ya kiwango fulani haipokei tena chaji. Mfanyabiashara huyo anaeleza kuwa mzigo ukifika hufungua boksi moja baada ya jingine, huchomeka kila kifaa kwenye chaja na kusubiri taa iwake. Kisichowaka huwekwa kando kiwe spea. Ushuru wake umeshalipwa, na hasara hiyo haionekani kwenye risiti yoyote.

Kwa maelezo yake, kila siku inayoongezeka bandarini inaongeza vifaa vya kuweka kando. Anasema mwenye mzigo wa nguo akicheleweshwa hulipia uhifadhi tu, wakati yeye hulipia uhifadhi na kupoteza bidhaa. Anataka mizigo yenye betri ndogo ipewe njia ya haraka. Hajaona mtu wa kumsikiliza.

Asilimia 25 inayorudiwa

Ofisa mmoja anayefahamu masuala ya forodha, ambaye naye hakutaka kutajwa, halioni tatizo hilo kuwa kubwa. Hoja yake yote inasimama kwenye tarakimu moja: ushuru wa forodha ni asilimia 25 tu, kama ilivyo kwa bidhaa nyingi zilizokwisha kutengenezwa zinazoingia katika nchi za Afrika Mashariki. Kwa mtazamo wake, anayesema kodi inamuua anatafuta kisingizio cha kupandisha bei.

Tarakimu hiyo ni sahihi, ila haitoshi. Chukua mzigo ambao thamani yake, pamoja na bima na nauli ya meli, ni Sh1,000,000. Ushuru wa asilimia 25 ni Sh250,000. Juu ya jumla hiyo ya Sh1,250,000 inakuja VAT, ambayo Tanzania ni asilimia 18, sawa na Sh225,000. Hapo mwenye mzigo ameshafikia Sh475,000, yaani karibu nusu ya thamani ya bidhaa, kabla ya tozo ndogondogo, ujira wa wakala wa forodha na gharama za kuhifadhi. Aliyesajiliwa VAT anaweza kuirejesha anapouza. Machinga na mwenye fremu ndogo, ambao ndio wauzaji wa mwisho wa bidhaa hii, wengi wao hawamo kwenye utaratibu huo.

Kuna pia suala la thamani yenyewe. Sheria inampa ofisa wa forodha nafasi ya kukataa bei iliyo kwenye ankara akiitilia shaka, na kukadiria upya. Kwa upande wa serikali, nafasi hiyo inahitajika kwa sababu wapo wanaoandika bei za uongo. Wafanyabiashara wanadai kwamba makadirio huwaangukia hata walionunua kwa bei halali ya chini. Ofisa huyo alisema hilo hutokea mara chache, lakini hakutoa hesabu yoyote ya kulithibitisha.

Na hesabu za vifaa hivi peke yake si rahisi kuzipata. Katika orodha ya forodha, vicheza muziki huangukia fungu la 8519, pamoja na vifaa vingine vya kurekodi na kucheza sauti. Kicheza muziki cha kubana kwenye fulana na mtambo wa kupigia muziki ukumbini vinaweza kukaa kwenye fungu moja. Anayesema soko hili limekufa, na anayesema linakua, wote wanakisia.

GB ambazo hazipo

Wingi wa vifaa visivyo na jina una historia fupi. Umbo la kubana kwenye nguo lilienea baada ya iPod Shuffle kuingia sokoni mwaka 2005 na matoleo yake yaliyofuata. Shuffle iliondolewa sokoni mwaka 2017, na mwaka 2022 familia nzima ya iPod ikafungwa. Mwaka huohuo wa 2017 ukafikia mwisho pia mpango mkuu wa kulipia leseni za hataza za MP3. Nafasi iliyoachwa imejazwa na viwanda vidogo ambavyo havina cha kupoteza jina likichafuka.

Hapo ndipo udanganyifu unapoingia. Kifaa kimeandikwa 64GB, na kompyuta nayo inasoma 64GB, lakini chipu iliyomo ndani ni ya 8GB, iliyopangwa ijitangaze kwa uongo. Mnunuzi huingiza nyimbo zake bila tatizo. Zikivuka uwezo halisi, mpya huanza kufuta za zamani au huandikwa mahali pasipokuwepo. Majina yanaonekana kwenye orodha, lakini wimbo ukibonyezwa, kimya. Memori kadi zinazouzwa pembeni zina ugonjwa huohuo.

Maofisa husema bidhaa hukaguliwa ubora kabla ya kusafirishwa, na cheti huambatana na mzigo. Lakini cheti hakimsaidii mnunuzi ikiwa hakuna aliyejaza kifaa hadi mwisho na kukisoma. Jaribio hilo linahitaji kompyuta moja na programu ya bure. Kama lingefanywa kwa vifaa vichache vya kila mzigo, uongo mwingi ungekwama mlangoni. Vifaa hivi kuendelea kupatikana waziwazi rafuni kunaonyesha kwamba ama halifanywi, ama halifanywi vya kutosha.

Mnyororo wa uuzaji unazidisha ugumu. Kariakoo mnunuzi mara nyingi hupokelewa na winga, ambaye huchukua bidhaa kwenye fremu ya mwingine na kuweka cha juu chake. Kifaa kikisumbua, mwenye fremu husema hakukuuzia, na winga huyo hapatikani tena.

Cha kuangalia kabla ya kulipa

Kwanza, usinunue GB usizozihitaji. Wimbo wa dakika nne kwa ubora wa kawaida wa MP3 unachukua takriban MB 4, hivyo GB 8 za kweli zinabeba nyimbo zipatazo 2,000. Anayefanya mazoezi saa moja kwa siku, siku tano kwa wiki, atamaliza miezi sita bila kurudia wimbo. Kifaa chenye nafasi ya kadi, kikitumiwa na kadi ya 32GB au pungufu, kina usumbufu mdogo zaidi. Kadi za 64GB na kuendelea huja na mpangilio ambao vifaa vingi vya bei nafuu havisomi.

Pili, angalia tundu la kuchajia. Matoleo mengi ya zamani yanatumia USB ndogo ya mtindo ambao simu ziliuacha, au waya maalumu unaoingia kwenye tundu la spika za masikioni. Waya huo ukipotea, kifaa kimekwisha. Chagua chenye tundu linalolingana na chaja ya simu yako, na kijaribu palepale. Baadhi ya vifaa vya bei nafuu vyenye USB-C hukataa waya wenye USB-C pande zote mbili na hukubali tu ule wa kichwa cha USB cha kawaida.

Tatu, vitufe. Vibonyeze bila kuangalia, kwa sababu ndivyo utakavyovitumia ukiwa mbioni. Kioo cha kugusa na kidole chenye jasho havipatani. Kisha jaribu kibanio kwenye pindo la nguo uliyovaa, na urukeruke kidogo mbele ya muuzaji.

Nne, usiamini neno kwamba hakipitishi maji mpaka uone alama. IPX4 inamaanisha kinavumilia maji yanayokirukia kutoka pande zote. IPX7 ni cha kuzama mita moja kwa nusu saa. Vipimo hivyo hufanywa kwa maji safi, ilhali jasho lina chumvi, na chumvi ndiyo inayokula tundu la spika za masikioni. Bila alama yoyote, kichukulie kuwa hakivumilii.

Baada ya kununua

Kipanguse kwa kitambaa kikavu kila baada ya mazoezi, na kitafute kwenye nguo kabla hazijaenda kwenye beseni. Usikiache tupu kwa wiki nyingi, maana betri itakufa kama zinavyokufa zile za kwenye kontena.

Vifaa vingi visivyo na kioo hucheza nyimbo kwa mpangilio wa kunakiliwa. Hilo ni faida kwa anayelijua: nakili kwanza nyimbo za kupasha mwili, kisha za kasi, mwisho za kupoza. Kwa mazoezi ya kukimbia, baadhi ya wataalamu wa michezo hupendekeza muziki wa mapigo 120 hadi 140 kwa dakika. Singeli huvuka 200, kwa hiyo inafaa mbio fupi za nguvu kuliko safari ndefu. Nyimbo ulizopakua kwenye programu za kulipia muziki hazitacheza humu, kwa sababu zimefungwa zisomwe na programu hiyo peke yake.

Kuhusu sauti hakuna mzaha. Kiwango salama kinachotumika kimataifa kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukipanda hadi 90, muda huo unashuka hadi takriban saa nne. Simu nyingi humwonya mtumiaji, lakini vifaa hivi vya bei nafuu kwa kawaida havina onyo. Barabarani, acha sikio moja wazi, kwa kuwa bodaboda na daladala hazitapunguza mwendo kwa ajili ya wimbo wako. Anayejiandaa kwa mashindano rasmi ajue pia kwamba kanuni za riadha za kimataifa huhesabu vifaa vya aina hii kuwa msaada usioruhusiwa kwa mshindani uwanjani.

Mbele kukoje

Washindani wanaongezeka. Zipo saa za mkononi zinazohifadhi nyimbo, na zipo spika za masikioni zenye kumbukumbu ndani yake, zisizohitaji kifaa kingine. Zikishuka bei, huenda zikachukua sehemu kubwa ya wateja hawa. Kwa sasa bado ziko juu ya uwezo wa wengi, na wakwapuzi bado wapo barabarani, hivyo kicheza muziki kidogo kinaweza kuendelea kuuzika kwa muda.

Ni muda gani, inategemea zaidi waingizaji na wakaguzi kuliko wanunuzi. Mfanyabiashara wa jumla tuliyezungumza naye tayari amepunguza oda na kuhamishia sehemu ya mtaji kwenye spika za Bluetooth, ambazo anasema zina betri kubwa na hazifi njiani kirahisi. Wakubwa wakiondoka, watakaobaki ni wale wasiojali mteja akirudi au asirudi. Maofisa wakiendelea kujibu kila lalamiko kwa asilimia 25, bila kugusa muda wa bandarini wala uongo wa GB, kuondoka huko kutaharakishwa. Mnunuzi asisubiri: aende na nyimbo zake kwenye flashi, ajaze kifaa dukani, acheze wimbo wa mwisho kuingia, na asitoe fedha mpaka ausikie.