Msamaha au Unafuu? Istilahi Moja ya Sheria ya Ushindani

Katika toleo hili tunachunguza jambo linalowasumbua wanafunzi wetu wa tafsiri: tuuiteje mpango wa kisheria unaoipunguzia adhabu kampuni inayojiripoti yenyewe kwamba imepanga bei na wenzake?

Tuanzie Buhehe, upande wa Uganda, karibu na mpaka wa Busia. Mtu wa huko anayejenga nyumba aweza kununua mabati au vyuma vilivyotengenezwa Kenya, akiamini kwamba wenye viwanda wanashindana. Ikiwa wamekwisha kula njama, atajuaje? Anayeijua njama vyema ni yule aliyeila. Wala si jambo la kubuni: Agosti 2023, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ilizitoza kampuni 9 za chuma faini ya jumla ya shilingi milioni 338 na ushei kwa kosa la namna hiyo.

Ndiyo maana sheria humvuta mmoja wao ajitokeze. Marekani ilianza mpango huu mwaka 1978, ikaupa nguvu 1993: kampuni ya kwanza kukiri, ikitimiza masharti, haishtakiwi. Atakayechelewa amekosa nafasi hiyo. Sheria ya 2004 ikaongeza kifungo hadi miaka 10, na papo hapo ikaipunguzia fidia kampuni iliyokiri na kushirikiana na wadai: badala ya mara tatu ya hasara, hulipa hasara yenyewe.

Kenya nayo ina kifungu cha 89A, kilichoongezwa katika Sheria ya Ushindani ya 2010. Anayefichua kwa hiari na kushirikiana na wachunguzi aweza kuondolewa faini, yote au sehemu.

Wengi huandika "msamaha". Sisi hatukubaliani. Msamaha hutolewa na aliyekosewa, na mjenzi wetu wa Buhehe hakuulizwa neno. Tena kifungu chataja faini tu. Kupanga bei ni jinai yenye kifungo kisichozidi miaka 5, na kwa Katiba ya 2010 mwenye mamlaka ya kushtaki ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Meneja akisoma "msamaha" aweza kwenda kukiri akidhani ameokoka, kumbe sivyo.

Tunapendekeza "unafuu wa adhabu" kwa jumla, na "unafuu wa faini" kwa kifungu cha Kenya. Uganda ina Sheria ya Ushindani ya 2023, iliyotiwa sahihi 2024. Wanafunzi watakaoitafsiri waanze kwa zoezi hili: andikeni kifungu cha 89A kwa Kiswahili bila kutumia neno "samehe".