Lubaga: watu laki nne kasoro, viti viwili

John Ken Lukyamuzi alipoingia Bungeni mwaka 1996 kuwakilisha Lubaga Kusini, jijini Kampala, wabunge wote wa Uganda walikuwa 276. Bunge la 11 lilipoapishwa Mei 2021, idadi ilifika 529. Katika miaka hiyo 25 Bunge limekaribia kuongezeka maradufu, na Lubaga imebaki na majimbo yale yale mawili, Kaskazini na Kusini.

Sensa ya 2014 ilihesabu Lubaga watu zaidi ya 383,000. Gawa kwa mbili: kila mbunge anabeba watu 191,500 hivi. Nchi nzima ilikuwa na watu milioni 34.6. Ukiwagawa kwa majimbo 353 yaliyopigiwa kura 2021, kila jimbo linapata kama watu 98,000. Kwa kipimo hicho Lubaga ilistahili viti karibu vinne, na sauti ya fundi mbao wa Ndeeba, mtaa wa Lubaga, ina uzito wa nusu tu ya ile ya Mganda wa kawaida.

Hali hii imetokana na sheria yenyewe. Ibara ya 63 ya Katiba inataka majimbo yakaribiane kwa idadi ya watu, lakini inasema pia kila kaunti iwe na angalau mbunge mmoja. Kaunti mpya ikiundwa, kiti kimepatikana. Wilaya mpya ikiundwa, anaongezeka mbunge mwanamke: mwaka 1996 walikuwa 39, mwaka 2021 wakawa 146. Kampala nzima ina mmoja tu. Nakawa, tarafa nyingine ya Kampala, walau iligawanywa kuwa majimbo mawili kabla ya uchaguzi wa 2021, Lubaga haikuguswa. Waik wa Karamoja, jamii ambayo sensa ya 2014 iliihesabu kuwa pungufu ya watu 15,000, wana kaunti na mbunge wao. Hilo naliunga mkono kwa moyo wote, maana jamii ndogo isiyo na msemaji humezwa. Ninachokataa ni kwamba msongamano wa mjini haukupewa uzito wowote.

Fedha nazo hutolewa kwa kichwa cha mbunge, si kwa kichwa cha raia. Oktoba 2017 kila mbunge alipewa shilingi milioni 29 akashauriane na wananchi kuhusu kuondoa ukomo wa umri wa rais. Kwa mbunge wa Lubaga hizo ni kama shilingi 150 kwa kila mtu, hazifikii bei ya chapati moja. Mwaka 2020 zikaja milioni 20 za kupambana na korona: shilingi 104 kwa kila mkazi. Mwaka uliofuata kila mbunge akatengewa milioni 200 za gari, jumla bilioni 105.8. Kwa magari angalau walilingana. Lakini mbunge wa mjini huamka akakuta getini mama mwenye barua ya ada ya shule, kijana mwenye bili ya hospitali, na wazee waliokuja kuchukua rambirambi, na foleni hiyo ni ndefu kulingana na watu wa jimbo.

Ndiyo maana kiti kimoja kikiyumba hapa, wengi hukosa msemaji. Mwaka 2005 Lukyamuzi alivuliwa ubunge kwa kosa la kutotangaza mali zake. Uchaguzi wa 2006 hakugombea. Binti yake, Susan Nampijja, akasimama kwa tiketi ya chama kile kile cha Conservative akashinda. Baadaye Mahakama ya Juu iliamua kwamba Lukyamuzi aliondolewa kinyume cha utaratibu, lakini muhula ulikuwa umekwenda. Alirudi 2011, akashindwa 2016 na mchekeshaji Kato Lubwama, naye 2021 akampisha Aloysius Mukasa wa chama cha NUP.

Katiba inaagiza mipaka ya majimbo ipitiwe upya ndani ya miezi 12 baada ya matokeo ya sensa kutangazwa. Sensa ya 2024 imehesabu watu milioni 45.9. Kenya, yenye watu milioni 47.6 kwa sensa ya 2019, inatosheka na wabunge 349 katika Bunge lake la Taifa. Kwa hiyo siombi viti vipya juu ya 529. Naomba Tume ya Uchaguzi iunganishe majimbo madogo yanayopakana, yale ambayo hayalindi jamii yoyote ndogo, na viti vitakavyobaki viletwe katika tarafa za Kampala za Lubaga, Makindye na Kawempe.