Otieno Achach: Yatima na Wanyama wa Mwitu

Kitabu kiitwacho Otieno Achach, alichokitunga Christian Konjra Alloo kwa Kijaluo, ni habari ya mtoto yatima na wanyama wa mwitu. Mtoto wa Pap Onditi, katika nchi ya Nyakach, aweza kukisoma pasipo kutafsiriwa neno.

Mgeni hudhani kwamba hofu ya hadithi ya namna hii ni meno na makucha tu. Sivyo. Kwa desturi ya Wajaluo, mtoto aliyefiwa na baba hulelewa na ndugu za babaye. Basi yatima akionekana peke yake porini, msomaji haulizi kwanza simba yuko wapi, bali baba zake wadogo wako wapi.

Lugha nayo ina kazi yake. Fisi aitwapo ondiek na sungura apuoyo, mtoto amekwisha kuzijua tabia zao kwa ngano za bibi yake: huyu mlafi, yule mjanja. Biblia nzima ya Kijaluo ilitoka mwaka 1953, lakini vitabu vya kumfurahisha mtoto vilikuwa vichache mno. Tena Otieno ni jina la aliyezaliwa usiku. Darasani Nyakach hakosekani mwenye jina hilo.