Mgeni Njoo: Chai ya Saa Kumi Vijijini Uingereza

Vijana wetu wanaokwenda Uingereza, wawe wauguzi, wanafunzi au mapadre, huleta habari za baridi, za treni na za chai. Chai nasi twaijua. Hunywewa kila siku nyumbani kwetu, kwa muhogo au kwa maandazi. Lakini chai ya Waingereza ya saa kumi alasiri ina taratibu zake, na mahali pazuri pa kuinywa si lazima pawe hoteli kubwa za London. Mara nyingi ni huko vijijini. Basi leo tutembelee vijiji hivyo, tuone mezani pamewekwa nini, na tuone hasa ni nani anayekaribishwa.

Kwanza tufahamu chai yenyewe. Hutengenezwa katika buli, ikamiminwa vikombeni, na maziwa huongezwa mezani. Huletwa mikate iliyokatwa vipande vyembamba na kutiwa matango au mayai, kisha skoni, yaani vimikate vya unga wa ngano vinavyoliwa vingali na moto, na mwisho keki. Mtu huanza na mikate, akamaliza na keki. Tena msichanganye chai hii na ile chai nzito ya saa kumi na moja au kumi na mbili jioni. Hiyo ilikuwa chakula cha wafanyakazi waliotoka kazini na njaa, nacho kilikuwa na nyama, mayai na mkate wa kushiba.

NYUMBA YA WOBURN

Desturi hii, kama inavyosimuliwa, ilianza karibu na mwaka 1840. Anna, mke wa mtawala wa Bedford, alikuwa akiishi katika jumba la Woburn. Siku zile wakubwa walikula chakula cha jioni saa mbili usiku, na yule bibi akazidiwa na njaa alasiri. Akaagiza chai na mkate chumbani kwake, kisha akaanza kuwaita rafiki zake. Wakubwa wengine wakamwiga, na baada ya miaka desturi ikaenea kwa watu wengi.

Lakini Wakristo tunapaswa kujua jambo moja zaidi. Woburn haikuwa jumba la wakubwa tangu mwanzo. Mwaka 1145 ilijengwa iwe monasteri ya watawa wa Citeaux, wafuatao Kanuni ya Mtakatifu Benedikto. Katika kanuni hiyo aliagiza kwamba wageni wote wapokelewe kama Kristo mwenyewe, na zaidi ya wote maskini na mahujaji. Basi pale Woburn mlango uliwekwa kwa ajili ya mgeni karne nyingi kabla Waingereza hawajaonja chai.

Mfalme Henry wa Nane alipojitenga na Baba Mtakatifu, monasteri zikafungwa na mali zao zikachukuliwa. Abati wa Woburn, Robert Hobbes, aliuawa mwaka 1538 kwa kuukana ukuu wa mfalme juu ya Kanisa. Mwaka 1547 mali ile ikapewa ukoo wa Russell. Hivyo meza ya bibi Anna iliwekwa mahali ambapo zamani maskini alipokelewa bila kuulizwa cheo. Kwa bibi Anna waliitwa rafiki zake.

BUCKFAST, KATIKA DEVON

Sasa twende kusini-magharibi, jimbo la Devon. Monasteri ya Buckfast ilianzishwa mwaka 1018, nayo ikafungwa mwaka 1539. Kwa zaidi ya miaka 300 hapakuwa na watawa. Mwaka 1882 wakaja watawa Wabenedikto waliofukuzwa Ufaransa, wakaupata msingi wa kale. Mwaka 1907 wakaanza kulijenga kanisa upya kwa mikono yao wenyewe. Mara nyingi waliofanya kazi walikuwa 4 tu, wala hawakuzidi 6 kwa wakati mmoja. Kanisa likawekwa wakfu mwaka 1932, na kazi ikamalizika mwaka 1938. Hivi leo wageni wafikao hupata mahali pa kusali, na pia mahali pa kula na kunywa chai.

Akina mama watapenda kujua kwamba Devon na jirani yake Cornwall ni nchi ya malai mazito. Maziwa hupashwa moto polepole kwa saa nyingi, kisha huachwa yapoe, hata utando mnene ukapanda juu. Utando huo huondolewa, ukapakwa juu ya skoni pamoja na jamu. Hapo ndipo penye ugomvi wa miaka mingi. Watu wa Devon hupaka malai kwanza, jamu juu. Watu wa Cornwall hupaka jamu kwanza, malai juu. Kila upande humcheka mwenzake. Mgeni mwenye busara huitazama sahani ya mwenyeji wake kwanza, ndipo akashika kisu.

WALSINGHAM

Mashariki, jimbo la Norfolk, kuna Walsingham, mahali pa hija ya Mama Bikira Maria panaposimuliwa kuwa pameanza mwaka 1061. Mahujaji walikuwa wakivua viatu katika kikanisa kidogo, wakatembea pekupeku kiasi cha maili moja iliyobaki. Mwaka 1538 mahali patakatifu pakabomolewa. Kile kikanisa kikabaki, kikageuzwa ghala na zizi. Mwaka 1896 mama mmoja, Charlotte Boyd, alikinunua ili kirudi mikononi mwa Wakatoliki, na mwaka 1934 maaskofu wakapafanya mahali pa hija pa taifa zima. Leo hujaji akimaliza sala zake hupata kikombe cha chai hapo hapo, akaketi meza moja na watu asiowajua.

BUSTANI NA UKUMBI WA KANISA

Wala si lazima mahali pawe patakatifu. Katika kijiji cha Grantchester, karibu na mji wa Cambridge, mwaka 1897 wanafunzi walimwomba mama mwenye nyumba awaletee chai chini ya miti ya matunda iliyokuwa ikichanua. Akakubali. Wengine wakasikia, wakaja, na bustani ile ikajulikana mbali.

Lakini chai ninayoisifu zaidi ni ile ya ukumbi wa kanisa. Majira ya joto, vijiji vingi hutoa chai alasiri ya Jumapili, katika kanisa au ukumbi wake. Mengi ya makanisa hayo ya kale ni ya Waanglikana siku hizi. Akina mama huoka keki nyumbani, wazee hupanga viti, na fedha zipatikanazo hutengeneza paa linalovuja. Katika vijiji vingi duka limefungwa, na posta pia. Mzee aliyefiwa na mwenzake, ambaye watoto wake wako mbali, aweza kukaa siku nyingi bila kuongea na mtu. Alasiri ile hukaa na wenzake, akaulizwa hali. Kwake kikombe kile si starehe ya wakubwa. Ni dawa ya upweke.

Kijana wetu akiwa ugenini, naye mpweke, aende huko. Asalimie, atoe mchango wake, kisha asaidie kuosha vikombe. Atakuwa amepata jirani. Tena asijione mgeni mbele ya buli lile, kwa maana sehemu kubwa ya chai inayonywewa Uingereza hutoka Kenya, imechumwa kwa mikono ya watu wetu huko Kericho na Limuru.

Nasi tuliobaki nyumbani tujiulize. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, katika jumuiya zetu yuko mjane ambaye hakuna aliyemgongea hodi juma hili? Yuko mzee ambaye watoto wake wamehamia mjini? Hatuna malai wala skoni, na hayahitajiki. Jumapili hii baada ya Misa, mpeleke mtoto wako akamwite mzee huyo, mkoroge chai mliyo nayo, mketi naye mpaka jua lipungue.