Je, Wajua? Mtoto wa Goma Aliyeitikisa Kinshasa

Maji ya Ruzizi yanayopita katika uwanda wetu hapa Luberizi hutoka Ziwa Kivu. Kando ya ziwa hilo, mjini Goma, ndiko alikozaliwa Innocent Balume mwaka 1997. Leo tunamwita Innoss'B. Alianza kuimba na kaka zake katika kundi la Maisha Soul, na mwaka 2010, akiwa na miaka 13 tu, akashinda Vodacom Superstar, shindano la muziki la nchi nzima. Kwa mtoto wa Mashariki hilo si jambo dogo hata kidogo: muziki wa Kongo una makao yake Kinshasa na huimbwa zaidi kwa Kilingala, nasi huku tumelelewa kwa Kiswahili.

Wimbo wake “Yo Pé” una jina la Kilingala, maana yake “wewe pia”. Mwaka 2019 aliurudia na Diamond Platnumz wa Tanzania, ukatazamwa YouTube zaidi ya mara milioni 100. Kwenye barabara ya Uvira kwenda Bukavu, vijana wa pikipiki waliupiga kwa vispika vidogo vilivyofungwa kwa mpira kwenye usukani, na abiria nyuma wakaitikia.