Mtoto anakohoa: hesabu pumzi kabla ya kununua dawa



Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi za Bariadi, Maswa na Lamadi, mtoto akikohoa usiku, asubuhi mzazi hukimbilia duka la dawa. Hununua kapsuli chache za amoksilini au chupa ya Septrin bila mtoto kupimwa. Wengine humpa dawa iliyobaki tangu kaka yake alipougua. Nia ni njema, lakini madhara ni mawili: asiyehitaji dawa hupewa, na mwenye nimonia hucheleweshwa kufika hospitali.

Mafua na vikohozi vingi vya watoto huletwa na virusi. Antibayotiki huua bakteria, haziui virusi. Hata makamasi yakiwa ya njano au kijani, hiyo peke yake si sababu ya kumpa antibayotiki. Mafua huisha yenyewe kwa uwezo wa Allah. Mtoto anyonyeshwe au apewe vinywaji mara kwa mara na asafishwe pua. Aliyetimiza mwaka 1 anaweza kupewa asali kidogo kutuliza kikohozi. Aliye chini ya hapo asipewe, kwani inaweza kumletea ugonjwa hatari. Kikohozi kikizidi wiki 2, apelekwe akapimwe.

Nimonia ni jambo jingine. Hushambulia mapafu, na huua watoto wengi wa chini ya miaka 5 kuliko ugonjwa mwingine wowote wa kuambukiza. Mzazi anaweza kuitambua mapema kwa kutumia saa ya simu tu. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue kifua na uhesabu pumzi kwa dakika 1 kamili. Pumzi ni za haraka zikifika:

- 60 au zaidi, kwa mtoto wa chini ya miezi 2;
- 50 au zaidi, kwa wa miezi 2 hadi 11;
- 40 au zaidi, kwa wa mwaka 1 hadi miaka 5.

Ukiona hivyo, mpeleke zahanati au kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ikiwa kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, anashindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege au amelegea hazinduki vizuri, usingoje hata saa moja. Mtoto wa chini ya miezi 2 anayeumwa asitibiwe nyumbani kabisa.

Mganga akithibitisha nimonia, hapo antibayotiki ni lazima. Mara nyingi hutoa vidonge vya amoksilini vinavyoyeyushwa katika maji safi, asubuhi na jioni kwa siku 5. Kipimo hufuata uzito na umri, hivyo kugawa kapsuli ya mtu mzima kwa kukisia si sahihi. Mtoto akipata nafuu siku ya pili, mama asiache dawa. Amalize siku alizoandikiwa. Asipopata nafuu baada ya siku 2, au hali ikizidi, arudishwe.

Kwa nini tunasisitiza? Kila dawa inapotumiwa ovyo, bakteria dhaifu hufa na wenye nguvu hubaki na kuzaliana. Huo ndio usugu wa dawa. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya juu ya jambo hili alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945. Bakteria hao huambukiza wengine, kwa hiyo dawa iliyochezewa Dutwa leo inaweza kushindwa kumponya mtoto wa Nkololo kesho.

Kinga ni bora. Mtoto apate chanjo zake wiki ya 6, 10 na 14. Chanjo ya nimonia hutolewa nchini tangu mwaka 2013. Anyonyeshwe maziwa ya mama pekee miezi 6 ya mwanzo. Asikae jikoni penye moshi wa kuni au miti ya pamba. Tunawe mikono kwa sabuni, na tufunike mdomo tunapopiga chafya, kama alivyokuwa akifanya Mtume wetu (s.a.w.).

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Allah ameweka tiba kwa kila ugonjwa. Basi tuitumie tiba mahali pake. Watoto ni amana, na amana tutaulizwa.

Allah awape afya watoto wetu. Amin.